Mwenzangu Mnavajo analipiwa kusomea ukuu wa shule. Kwa nini yeye, na anafundishwa nini?

Swali: *Mimi ni Mkenya, nafundisha hesabu katika shule ya umma ndani ya eneo la Wanavajo, upande wa Arizona. Mama mmoja Mnavajo ambaye darasa lake limepakana na langu amechukuliwa kwenye programu ya kuwaandaa walimu wa Kinavajo kuwa wakuu wa shule. Analipiwa karo, vitabu, mpaka posho. Nimefurahi kwa ajili yake, ila najiuliza: huu si upendeleo? Mwalimu mkuu si ni mwalimu mkuu tu, atoke popote? Wanafundishwa nini ambacho mtu mwenye shahada yake hawezi kukijua? Na je, mimi naweza kuomba?*

Jibu:

Mwalimu, nianzie mkiani, maana jibu la hapo ni fupi: fedha hizo huwezi kuzipata. Programu za aina hii kwa kawaida hulipiwa na ruzuku ya Wizara ya Elimu ya Marekani iliyotengwa kwa ajili ya wenyeji asilia, na anayelipiwa lazima awe mtu wa kabila linalotambuliwa au mzawa wake kwa masharti ya sheria. Kusomea uongozi kwa pesa zako hakuna anayekuzuia. Lakini kama uliingia kwa viza ya J-1 ya walimu wa kubadilishana, viza hiyo ni ya kufundisha darasani, si ya kukaa ofisini.

Na usidhani mwenzako amepewa sadaka. Akimaliza, anatakiwa kufanya kazi katika shule yenye wanafunzi wengi wa jamii za wenyeji kwa muda unaolingana na ule aliosomeshwa. Asipofanya, pesa zinarudishwa. Ukimkuta anahesabu miezi, ndiyo sababu.

Sasa hilo la upendeleo. Limeshafika Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 1974, katika kesi ya *Morton v. Mancari*. Wafanyakazi wasio wenyeji wa idara inayoshughulikia mambo ya Wahindi Wekundu walilalamika kwamba wenzao wenyeji wanatangulizwa katika ajira na kupandishwa vyeo. Mahakama ikaamua kwa kauli moja kwamba huo si ubaguzi wa rangi: unatokana na uhusiano wa kisiasa kati ya serikali ya shirikisho na mataifa yaliyokuwa na utawala wao kabla Marekani haijazaliwa. Kwa Wanavajo uhusiano huo una karatasi. Mkataba wa 1868, uliowaruhusu kurudi kwao baada ya miaka minne ya kuzuiliwa Bosque Redondo, kambi ya jeshi huko New Mexico, unataja elimu kwenye kifungu cha 6: watoto wa miaka 6 hadi 16 waende shule, na serikali itoe nyumba na mwalimu mmoja kwa kila watoto 30.

Hapo kwenye mkataba ndipo pia tatizo lilipoanzia, kwa sababu wazazi waliahidi kupeleka watoto bila kuulizwa shule yenyewe itakuwa ya namna gani. Mwaka 1892 wakala wa serikali aliyekuwa na makao Fort Defiance alikwenda Round Rock kukusanya watoto kwa nguvu. Mzee mmoja aitwaye Black Horse na watu wake walimpiga mpaka akakimbilia ndani ya duka la biashara la pale. Watoto waliochukuliwa nyakati zile walinyolewa nywele, wakavalishwa sare, wakabadilishwa majina. Waliosema Kinavajo waliadhibiwa, wengine kwa kuoshwa mdomo kwa sabuni. Wala haya si ya zama za farasi peke yake. Intermountain, shule ya bweni iliyokuwa mjini Brigham City, Utah, mamia ya kilomita kutoka nyumbani, ilifunguliwa 1950 kwa ajili ya vijana wa Kinavajo na ikafungwa 1984. Bibi anayemleta mjukuu darasani kwako asubuhi huenda alisoma huko.

Kwa hiyo ukiona mzazi anasimama kwenye maegesho, ndani ya gari lake, hataki kuingia ofisini hata kwa mambo mazuri, usikimbilie kusema hajali elimu. Kwa vizazi vitatu au vinne, anayekaa kwenye ofisi ile alikuwa mgeni mwenye mamlaka juu ya mwili wa mtoto. Mwalimu mkuu anayetoka kijiji jirani hafuti historia hiyo kwa siku moja, lakini anaweza kutoka nje, akaenda hadi dirishani mwa gari, akajitambulisha kwa koo zake nne: ya mama, ya baba, ya babu mzaa mama na ya babu mzaa baba. Baada ya hapo mazungumzo yanakuwa ya ndugu wawili kuhusu mtoto wao.

Umeuliza kama mwalimu mkuu si mwalimu mkuu tu. Shule ya Rough Rock, Arizona, ilianza 1966 ikiwa ya kwanza kuendeshwa na bodi ya Wanavajo wenyewe. Wengi wa wajumbe wale wa kwanza walikuwa na elimu ndogo sana ya darasani. Mkurugenzi wa mwanzo, Robert Roessel, hakuwa Mnavajo, ingawa alioa huko na kuishi huko. Baada yake akaingia Dillon Platero, Mnavajo. Mwaka 1968 Wanavajo wakaanzisha chuo chao, cha kwanza nchini Marekani kumilikiwa na kabila, ambacho leo ni Diné College chenye makao makuu Tsaile. Sheria ya 1975 ikaruhusu makabila kuchukua shule kwa mkataba, ile ya 1988 ikarahisisha zaidi kwa njia ya ruzuku, na mwaka 2005 Baraza la Taifa la Wanavajo likapitisha sheria yake lenyewe ya mamlaka juu ya elimu, ikiwa na bodi na idara yake.

Utaona kilichopungua katika mlolongo huo. Sheria zilileta shule mikononi mwa wenyewe, lakini sheria haizai mtu mwenye leseni ya uongozi. Wasaidizi wa walimu Wanavajo walikuwa wengi, walimu wakaongezeka taratibu, na ofisi ya mbele ikabaki ya wageni wanaokuja kwa mwaka au miwili, wakijenga wasifu wa kazi, kisha wanahamia Phoenix au Albuquerque. Kila anayeingia huja na mpango wake mpya wa kusoma na kuandika. Walimu wa kudumu, ambao ndio wenyeji, wameshajifunza kuitikia kwa kichwa na kusubiri aondoke. Nadhani umeshakaa kwenye mkutano wa namna hiyo.

Kazi yenyewe ni ngumu kwa sababu ambazo cheti cha kawaida hakizigusi. Eneo la Wanavajo lina takriban kilomita za mraba 70,000, kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na limekaa ndani ya majimbo matatu: Arizona, New Mexico na Utah. Kila jimbo lina leseni yake ya uongozi. Arizona inataka shahada ya uzamili, miaka 3 ya kufundisha, masomo ya uongozi ya ngazi hiyo yenye uzito wa saa 30 za muhula, mafunzo kwa vitendo, mtihani, na kadi ya alama za vidole inayoonyesha kwamba huna rekodi ya uhalifu. Mwenzako akipata kazi Shiprock, ambako ni New Mexico, bado yuko kwao, watoto ni walewale, shangazi zake wako palepale, ila makaratasi anayaanza upya. Programu nzuri humfungulia mtu njia ya leseni zaidi ya moja tangu siku ya kwanza. Programu mbovu humwachia agundue mwenyewe.

Halafu kuna aina za shule. Watoto wengi wa Kinavajo wako katika shule za umma za jimbo kama yako. Wengine wako katika shule na mabweni, zaidi ya 60, yanayopewa fedha na Ofisi ya Elimu ya Wahindi Wekundu ya serikali ya shirikisho. Baadhi yake huendeshwa na ofisi hiyo moja kwa moja, baadhi na bodi za wenyeji kwa ruzuku. Zipo pia za misheni, kama St. Michael iliyoanzishwa 1902. Barabara moja inaweza kuwa na shule mbili zinazotazamana, moja inafuata kalenda ya jimbo na nyingine inasubiri bajeti ya Washington.

Pesa nazo zina hadithi yake, na hapa ningependa ukae kidogo kwa sababu ndipo wakuu wa shule wapya wanapoanguka. Shule za umma za Marekani hutegemea sana kodi ya ardhi na nyumba. Ardhi ya Wanavajo imeshikwa kwa dhamana na serikali ya shirikisho, haitozwi kodi hiyo. Pengo linazibwa na ruzuku ya shirikisho iitwayo *Impact Aid*, iliyoanza 1950. Bunge likivutana kuhusu bajeti, ruzuku inachelewa, na mwalimu mkuu anajikuta ana nafasi za kazi zilizoidhinishwa asizoweza kuzitangaza. Zaidi ya hapo, wilaya ya shule inayodai fedha hizo kwa ajili ya watoto wanaoishi ardhi ya wenyeji lazima ionyeshe kwamba imewashirikisha wazazi na serikali ya kabila katika mipango ya elimu. Kwa hiyo kile kikao cha wazazi unachokiona kina mkate wa kukaanga na supu ya kondoo kimeshikilia fedha za shule. Mwalimu mkuu asiyejua hivyo huandaa kikao kwa Kiingereza, saa tisa mchana, siku ya soko, kisha analalamika kwamba wamekuja watu wanne.

Sasa yaliyo magumu kuliko pesa. Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa. Kweli, lakini anayeongoza kwao hulaumiwa pia, na lawama hizo zina majina ya ukoo. Kwa Wanavajo ukoo hupita kwa mama, na undugu wa ukoo, wanaouita k'é, una wajibu wake. Mwalimu mwenye umri wa miaka 60 ambaye si ndugu wa damu anaweza kuwa mama yako mdogo kwa ukoo. Sasa wewe ndiye mwalimu mkuu, una miaka 38, umeketi nyuma ya darasa lake na fomu ya tathmini, na somo ni baya. Utaandika nini? Utamwambiaje? Vitabu vya uongozi vitakuambia utenganishe kazi na undugu. Kule ukitenganisha umeshajitoa kwenye jamii, na hutamwongoza mtu tena. Ukiacha kuandika, wazazi watasema umempendelea ndugu yako, nao watakuwa sahihi.

Hilo ndilo somo ambalo wewe na shahada yako msingelijua, na wala mimi nisingekufundisha kwa projekta. Hufundishwa na mwalimu mkuu mstaafu Mnavajo aliyewahi kuketi kwenye kiti kile. Atakueleza kwamba unaanza na undugu, unamwita mama mdogo, unakaa naye nyumbani kwake au darasani watoto wakishaondoka, unamwomba yeye aseme anavyoliona somo lake, na fomu unaijaza mkiwa wawili. Undugu hapo unabeba ukweli mzito ambao mgeni angelazimika kuuandika kwenye barua ya onyo. Nimesoma silabasi nyingi za uongozi wa elimu, na ni chache zinazoligusa jambo hili. Nyingi huweka somo moja liitwalo utamaduni, wiki ya tisa, baada ya sheria za nidhamu.

Chukua mfano mwingine. Msichana wa darasa la sita amevunja ungo, na familia inamfanyia kinaaldá. Ni siku nne. Anakimbia kuelekea mashariki alfajiri, anasaga mahindi, na usiku wa mwisho watu wanakesha wakiimba huku keki kubwa ya mahindi ikiiva ndani ya shimo ardhini. Familia nyingine husubiri likizo, nyingine hazisubiri, na wiki yenyewe inaweza kuangukia mtihani wa jimbo. Kwenye mfumo wa mahudhurio anaonekana mtoro, na Arizona mwanafunzi akikosa siku 10 mfululizo bila ruhusa anatolewa kwenye orodha, na fedha zake zinaondoka naye. Siku nne si kumi, ndiyo. Lakini mwalimu mkuu mgeni humtumia mama barua ya utoro, barua inafika kwenye nyumba ambayo bado ina majivu ya sherehe, na hapo umempoteza mama huyo kwa miaka yote mitatu ya shule ya kati. Mwenyeji aliyeandaliwa vizuri ameshaweka utaratibu: shangazi anapiga simu kwa sekretari, ruhusa inaandikwa kwa sababu ya dini, na karatasi ya mtihani inapangiwa siku ya kufidia. Kazi yote ni ya dakika tano, kwa anayejua.

Kupatwa kwa jua je? Familia nyingi za Kinavajo hukaa ndani wakati huo, hawatazami, hawali, hawanywi. Tarehe 14 Oktoba 2023 Taifa la Wanavajo lilifunga hifadhi zake, Monument Valley ikiwemo, kwa saa kadhaa. Ilikuwa Jumamosi, shule ziliponea. Ingeangukia Jumanne, mwalimu wa sayansi angekuwa tayari ameagiza miwani ya kutazamia kwa shule nzima, na mabasi yangekuwa barabarani. Uamuzi huo hauna mwongozo wa wizara. Vilevile upasuaji wa wanyama kwenye biolojia, na hadithi za Koyote, mnyama mjanja wa jamii ya mbwamwitu, ambazo husimuliwa majira ya baridi tu. Mwalimu wa Kiingereza mwenye nia njema akizifundisha Mei, simu zitaanza kulia ofisini kabla ya chakula cha mchana.

Nisikudanganye kwamba kila Mnavajo anayajua haya kwa kuzaliwa. Walimu wengi wenye umri wa miaka 30 au 40 leo hawazungumzi Kinavajo kwa ufasaha, na hilo ni tunda la zile shule za bweni: wazazi wao waliamua kutowafundisha lugha ili wasiadhibiwe walivyoadhibiwa wao. Familia nyingine ni za Kikristo na hazitaki sherehe hizo kabisa. Nyingine zinafuata Native American Church, dini ya wenyeji inayochanganya Ukristo na ibada za jadi. Mwalimu mkuu anaongoza wote hao. Programu inayomchukulia mwanafunzi wake kama kamusi ya mila inamwaibisha mbele ya wazee. Iliyo bora humpa nafasi ya kujifunza lugha ya kikao na ya salamu pamoja na sheria ya watoto wenye mahitaji maalumu, bila kumfanya aone haya kwa upande wowote.

Swali la mahali pa kusomea lina uzito kuliko linavyoonekana. Programu ya zamani ya kuandaa viongozi wa elimu wenyeji ilianza 1970 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, upande wa pili wa nchi. Ni jimbo lilelile lililokuwa na Carlisle, shule ya bweni ya 1879 iliyokuwa mfano wa kuwafuta watoto wenyeji uenyeji wao, kwa hiyo kuna aina ya deni lililolipwa pale, na watu wakubwa wametokea huko. Lakini mwalimu mwenye watoto watatu, mama mgonjwa na kondoo hawezi kwenda Pennsylvania. Hata Flagstaff, mji wa Arizona wenye chuo kikuu, ni karibu saa tatu kwa gari kutoka Window Rock, makao makuu ya Wanavajo, barabara ikiwa kavu. Ndiyo maana programu nyingi za sasa huwaweka walimu kazini, huwachukua kwa kundi moja, na kuwafundisha wikendi na majira ya joto, na mhadhiri ndiye anayesafiri. Kundi ni muhimu kuliko mhadhiri. Miaka mitano baadaye, bodi inapomgeuka mtu saa tatu usiku, atampigia aliyekaa naye meza moja, hatapiga chuoni.

Udhaifu ninaouona mara kwa mara uko baada ya mahafali. Ruzuku siku hizi hutaka mhitimu asindikizwe mwaka wake wa kwanza kazini. Mwaka mmoja hautoshi, na mara nyingi msindikizaji ana wahitimu waliotawanyika kwenye mamia ya kilomita. Kisha nyumba. Kwenye ardhi ya dhamana hununui kiwanja ukajenga. Unaomba kibali cha makazi kinachochukua muda mrefu, au unakaa nyumba ya shule. Mnavajo aliyepewa shule iliyo saa mbili kutoka kwao hukosa nyumba kama wewe unavyokosa. Wapo wanaokataa kazi kwa sababu hiyo tu, na kwenye ripoti wanahesabiwa kuwa hawakutaka uongozi.

Umeniuliza kuhusu mwenzako, na nadhani umeuliza kwa wema, kwa hiyo niongeze jambo la kufanya. Mafunzo yake kwa vitendo hayafanyiki wikendi. Lazima aketi kwenye vikao vya nidhamu, afuatane na mwalimu mkuu kwenye ukaguzi wa madarasa, aingie kwenye kikao cha bajeti, na vyote hivyo viko saa za kazi, wakati darasa lake lina watoto 26. Walimu wa kushikilia vipindi huko ni haba, kama unavyojua. Kaa naye muangalie ratiba zenu. Kama kipindi chako cha matayarisho kinaangukia kwenye kipindi chake cha tatu, jitolee kumshikia mara moja kwa wiki, na mwombe mwalimu mkuu wenu aiandike kwenye ratiba rasmi ili isije ikavunjwa wiki ya kwanza basi litakapokwama kwenye tope.